Yule buibui yuko wapi?

Ndugu msomaji, makala hii inamhusu mdudu asiyezidi punje ya mchele. Ninaposema buibui hapa namkusudia yule mwenye miguu minane, si vazi la mama zetu. Najua wapo watakaosema kwamba Waislamu wana mambo mazito ya kujadili kuliko mdudu wa bustanini. Nawaomba wavumilie kidogo. Swali lililonifikisha kwenye buibui ni zito, na mimi mtu mzima nililiulizwa na mtoto wangu nikakosa la kusema.

Tunaishi Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, upande ule wa Arusha ambao ukitoka nje asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Meru wote hadi kileleni. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa vyumba viwili. Udongo wa mlima huu wa volkano hauna ubahili, hivyo tumepanda mchicha, sukuma wiki, mchaichai na migomba miwili. Mke wangu ana mawaridi yake karibu na ukuta. Kwenye mawaridi hayo ndipo kisa hiki kilipoanzia.

Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, alinunuliwa na mjomba wake lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Ni lenzi ya kukuzia vitu vidogo. Ukiisogeza karibu na jani, unaona vinyweleo ambavyo hukujua kama vipo. Tone la umande linakuwa kama taa ya kioo. Kwa wiki nzima mtoto hakutoka bustanini. Siku moja akamkuta buibui mdogo wa rangi ya kijivu juu ya jani la waridi, wa aina ile isiyotega nzi kwa utando bali huwinda kwa kuruka. Alijaribu kumpiga picha, akashindwa. Kila akimsogelea, buibui anageuka, anamtazama, kisha anaruka.

Wanaojua kazi hii watakueleza kwa nini ni ngumu. Kadiri unavyoikaribia sura ya kitu kidogo, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyozidi kuwa nyembamba. Jicho likiwa wazi, mguu uko kwenye ukungu. Buibui akisogea upana wa uzi tu, picha imeharibika.

Basi mimi, kwa kutaka kumsaidia mwanangu, nikampa ushauri niliowahi kuusikia kwa mpiga picha mmoja wa maharusi. Nikamwambia, "Mtie kwenye kikopo, muweke kwenye friji kidogo. Atatulia." Mwili wa buibui haujitengenezei joto kama wetu. Baridi ikimwingia anakufa ganzi, na kwa dakika chache unaweza kumweka utakavyo.

Tukafanya hivyo. Tukamtoa, tukamlaza juu ya jani, binti akapiga. Picha ikatoka, ndugu msomaji, ambayo sijapata kuona mfano wake. Uso mzima umejaa macho. Mawili makubwa mbele, meusi na yanayong'aa kama ya mtu anayekusikiliza. Mawili madogo pembeni yake. Mawili mengine juu ya kichwa, yanayotazama nyuma. Na katikati ya hayo, mengine mawili madogo mno, kama yaliyochomwa kwa ncha ya sindano. Jumla manane.

Nilishangaa zaidi nilipokumbuka kwamba wanazuoni wetu wa zamani walimjua mdudu huyu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa Miladia, alimtaja katika kitabu chake cha wanyama, buibui awindaye nzi kwa kuruka kama mnyama mkali, ambaye Waarabu walimwita layth, yaani simba. Al-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, akaeleza jinsi anavyojibana chini, anavyojikusanya, kisha anavyorukia. Akasema ana miguu minane na macho sita.

Sita, si manane. Je, mwanachuoni yule alikosea? Alihesabu kwa uaminifu kile ambacho jicho lake liliweza kukifikia. Yale mawili ya katikati ni madogo kiasi kwamba mtu asiye na lenzi hana njia ya kuyahesabu. Hana lawama. Msomaji auweke akilini mfano huu, kwani nitaurudia.

Turudi kwenye picha. Binti alitaka kupiga mara ya pili, lakini wingu likafunika jua. Tukamrudisha buibui kwenye kikopo na kikopo kwenye friji, tusubiri mwanga. Ikaadhiniwa Maghrib. Baada ya swala wakaja wageni. Usiku ule niliituma picha kwa jamaa na kwa kundi la simu la msikiti wetu. Majibu yakamiminika. Subhanallah. Allahu Akbar. Ustadhi mmoja akaomba ruhusa awaonyeshe watoto wa madrasa. Kwa siku mbili nilikuwa nikisoma majibu yale kwa sauti, mbele ya familia, kama mtu aliyepata cheo.

Usiku wa pili binti akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Baba, yule buibui yuko wapi?"

Tuliufungua mlango wa friji pamoja. Kikopo kilikuwa nyuma ya nyanya. Buibui amekufa, miguu yake yote minane imekunjwa kifuani. Baadaye nilisoma sababu ya kukunjwa kule. Buibui hunyoosha miguu yake kwa kuisukumia maji ya mwilini, na kwa nguvu hiyo hiyo huyu wa kuruka hurukia. Uhai ukitoka, msukumo unakwisha, miguu inajikunja yenyewe. Kile kilichomwezesha kuruka ndicho kilichokuwa kimekwisha.

Mtoto hakulia. Alisema tu, "Na wao bado wanasema Subhanallah."

Hapa ndipo swali lilipo. Picha ile iliwakumbusha watu Muumba wao, na hilo ni jambo la kheri. Mdudu aliyepigwa picha hiyo alikufa kwa uzembe wetu, ndani ya baridi na giza. Je, kheri ile inafuta hili? Au hili linaitia doa kheri ile?

Niliwauliza baadhi ya ndugu, nao wakanipa majibu matatu. Nitayapima moja moja bila kuyadharau.

Jibu la kwanza lilikuwa, "Ni buibui tu." Neno hilo "tu" ni dogo lakini lina kazi kubwa. Ndilo tunalolitumia kila tunapotaka kitu kisihesabiwe. Sasa tazama kisa cha Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, katika Surat An-Naml. Sisimizi anawaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Sulayman na majeshi yake hali ya kuwa majeshi hayo hayana habari. Angalia adabu ya sisimizi yule. Hakuwaita majeshi madhalimu. Aliwapa udhuru wa kutojua. Mtu mkubwa hutembea, na chini ya unyayo wake kuna mambo asiyoyaona.

Lakini udhuru huo ni wa asiyeona. Mimi niliona. Niliyahesabu macho manane, nikamwona yule mdudu akinigeukia. Al-Damiri hana lawama kwa macho mawili ambayo hakuweza kuyaona. Je, aliyeyaona yote manane kisha akasahau mwenye macho hayo yuko ndani ya friji, atasema nini? Lenzi ilipomkuza buibui ilikuza na dhima yangu. Tunadhani kwamba chombo cha kuonea kinatuongezea uwezo peke yake. Kinatuongezea na hesabu.

Na dini yetu haikungoja lenzi ili itufundishe hili. Qur'ani, katika Surat Al-An'am, inatuambia kuwa viumbe watambaao na waruka kwa mbawa ni umma mfano wetu. Ndani ya Bukhari na Muslim imo habari ya Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao kichomwe, naye akalaumiwa kwa ufunuo, kwamba kwa sisimizi mmoja umeangamiza umma unaomsabihi Mola wake. Imo pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia. Huyu alimfungia kwa makusudi, mimi kwa kusahau. Natumaini tofauti hiyo inatosha. Lakini sipendi kuona jinsi ilivyo ndogo.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Ndugu mmoja aliniambia, "Wewe unamlilia buibui, na jana umepuliza dawa ya mbu nyumba nzima. Tena uko Arusha!" Alisema kweli. Mji wetu umejulikana kwa kupambana na wadudu. Pale Ngaramtoni palikuwa na taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ambayo kazi zake zilichukuliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kiwanda cha A to Z, cha hapa hapa, kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na vyandarua hivyo vimewalaza watoto wengi wa Afrika salama. Nani mwenye akili atamhurumia mbu wa malaria kuliko mtoto?

Sibishani na hilo hata kidogo. Anayedhuru hukingwa. Anayeliwa huchinjwa, na hata hapo tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Kwa maana hiyo, sharia haikusema usiue kabisa. Imesema uwe na haja, na ukiwa na haja uwe na ihsani. Kipimo ni haja. Mbu anakuja kitandani kwangu na maradhi. Buibui yule alikuwa juu ya waridi, nami ndiye niliyemfuata. Nilichokihitaji kilikuwa nini? Picha, na baada ya picha, sifa.

Wengine husema haja ya elimu nayo ni haja. Ni kweli. Kule Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, watafiti waligundua kuwa yupo buibui mdogo wa kuruka, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003, ambaye huchagua kuwala mbu walioshiba damu. Mwaka 2005 walichapisha matokeo yao. Hana uwezo wa kutoboa ngozi ya mtu, basi anaipata damu kupitia kwa mbu, na anawapendelea wale wa jamii ya Anofelesi, ambao ndio waenezao malaria. Hayo hayakujulikana kwa kuwatazama bustanini peke yake. Buibui waliwekwa maabara, wakafugwa, wakajaribiwa. Mtafiti wa namna hiyo ana swali, ana mpango, na anajua kila kikopo kiko wapi. Mimi sikuwa na swali wala mpango, na kikopo changu nilikisahau.

Hata hivyo nina tahadhari moja. Ukisema buibui aheshimiwe kwa kuwa anakula mbu, umeshika hoja ya mfanyabiashara. Je, yule asiyekula mbu hana haki? Wa bustani yangu sijui alikuwa akila nini. Vilevile wengi wetu tulilelewa tukiambiwa tusiue buibui kwa sababu mmoja wao alifuma utando kwenye mlango wa pango la Thawr wakati wa Hijra, mwaka 622. Ni kisa tunachokipenda, ingawa baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameona udhaifu katika riwaya yake. Lakini hata tukikiacha kisa hicho kwa wenye elimu yake, je, hukumu ya kikopo changu ingebadilika? Haki ya kiumbe kutochezewa haitokani na fadhila ya babu yake.

Jibu la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, kwa kuwa lilitoka kwa watu wema. Walisema, "Lakini tazama matokeo. Watu wametafakari. Watoto wa madrasa wamejifunza. Buibui mmoja kwa imani za watu mia." (Suala la hukumu ya picha zenyewe wanazuoni wamelizungumza na kuhitilafiana, nami sina elimu ya kuliingilia hapa.)

Nimelifikiria jibu hili siku nyingi, na naona lina kasoro mbili.

Kwanza, picha ni ushahidi. Aliyeitazama picha ile aliamini kuwa amemwona buibui ametulia juu ya waridi, asubuhi, akiwa katika hali yake. Haikuwa kweli. Alichokiona ni kiumbe aliyekufa ganzi, aliyelazwa pale na vidole vyangu. Utulivu ule ulikuwa wa mgonjwa. Watu wakasema Subhanallah kwa kazi ya Allah, na hiyo ni haki yake kwa hali zote, lakini mimi nilikuwa nimewaletea ushahidi niliouchezea. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, ndiye aliyethibitisha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi mwanga kwenda kukamata vitu, bali mwanga hutoka kwenye vitu ukaja kwenye jicho. Kuona, kwa maana hiyo, ni kupokea. Kiswahili chetu kinasema "kupiga" picha, na sisi siku ile tulipiga kweli.

Pili, huwezi kuisifu kazi ya fundi huku ukiivunja. Imepokewa na Abu Dawud kwamba masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akawa anapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (SAW) alipoona, akauliza ni nani aliyemsumbua kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuna aliyekuwa amemuua ndege. Walichukua tu. Pengine waliwachukua kwa sababu walikuwa wazuri. Na bado wakaambiwa warudishe. Kilichozingatiwa ni mahangaiko ya mama ndege, si furaha ya waliobeba makinda.

Katika Surat Al-Ankabut, iliyopewa jina la mdudu huyu, nyumba ya buibui imetajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote, ili iwe mfano wa wanaotegemea asiyekuwa Allah. Huyu wetu hana hata utando wa kutegea. Alikuwa na kijumba cha nyuzi nyeupe chini ya jani, ukubwa wa ukucha. Tulimtoa katika nyumba dhaifu kuliko zote, tukamtia katika nyumba ya plastiki na chuma, iliyokuwa imara sana. Udhaifu wa nyumba yake ulikuwa mtihani wa nguvu zangu, nami sikufaulu.

Sasa tufanye nini, tuache kupiga picha? Binti yangu alipata jibu kabla yangu. Mlima Meru una mita 4,566, na katika mwezi wa Juni na Julai baridi yake hutushukia mpaka Sakina bila kuhitaji umeme. Asubuhi kabla jua halijapanda sawasawa, buibui wa aina hii bado wamejikunyata kwenye vijumba vyao. Jua likianza kugusa ukuta hutoka polepole kuota joto. Siku hizi za mapumziko, binti baada ya Alfajiri huvaa sweta, hushika kipande cha karatasi nyeupe cha kurudishia mwanga, hukaa kwenye kigoda karibu na mawaridi. Anangoja. Siku nyingine anarudi na miguu iliyolowa umande, hana kitu. Siku nyingine buibui anatoka, anamtazama, anaruka kabla hajabonyeza.

Wiki iliyopita alipata moja. Si nzuri kama ile ya kwanza. Macho manane yanaonekana, lakini mguu mmoja ni ukungu mtupu, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameanza kuondoka. Nilipomwambia kwamba ni hasara mguu ule kuharibika, alinishangaa. "Baba, pale ndipo alipokuwa anaenda."

Ile picha ya kwanza bado ninayo. Niliwaandikia wale niliowatumia, nikawaeleza ilivyopatikana. Baadhi walicheka, ustadhi mmoja alinyamaza, mwingine akaniambia nimeharibu jambo zuri bila sababu. Sikuifuta, kwa kuwa kuifuta kungekuwa kusahau mara ya pili. Lakini kila nikiifungua siwezi tena kuyahesabu macho yale bila kukiona kikopo nyuma ya nyanya.

Nawe ndugu msomaji, huenda huna bustani. Huenda unaishi Ngarenaro au Kariakoo, kwenye chumba kimoja na kopo la mchaichai dirishani. Lakini una simu, na kila siku unapiga na kupelekewa picha: za ajali, za wagonjwa, za watoto wa mitaani, za ombaomba aliyepewa sadaka huku kamera ikimmulika usoni. Tunazisifu, tunalia, tunasema Subhanallah na Inna lillahi, kisha tunazipeleka mbele. Kabla ya kupeleka inayofuata, liulize swali la mtoto yule. Aliyemo ndani ya picha hii, sasa hivi yuko wapi?

Wallahu a'alam.